Mshipa upi? Tunayochanganya kuhusu maumivu, uvimbe na damu

Msimu wa karafuu shangazi yangu wa Wete, Pemba, alikanyaga msumari akaendelea kuanika. Alijua jioni, alipoona damu kwenye jamvi. "Mbona hainiumi, mwanangu? Kitapoa tu." Ana kisukari cha miaka mingi. Kidonda kilichukua miezi, na tangu hapo nimekuwa mbishi kila mazungumzo ya mishipa yakianza barazani.

"Mshipa ni mshipa." Kosa hili limo ndani ya lugha yetu. Mshipa ni unaopitisha damu, mshipa ni unaopeleka hisia, na mwenye ngiri naye huambiwa ana mshipa. Mkandaji akikwambia mshipa umevimba, muulize upi. Hapa nitasema mishipa kwa ile ya damu tu. Inayopeleka hisia nitaiita neva.

"Kazi ya neva ya maumivu ni kupeleka habari kwenye ubongo, basi." Hata mimi nilifundishwa hivyo. Sasa pitisha ukucha kwa nguvu kwenye mkono, upande wa ndani. Hutokea mstari mwekundu, kisha wekundu hutambaa pembeni, mahali ambapo ukucha haukugusa kabisa, halafu ngozi huinuka kidogo. (Kwa sisi weusi tii wekundu haujitokezi vizuri, lakini ule mwinuko utaupapasa.) Daktari Thomas Lewis wa London aliyaeleza haya mwaka 1927. Ule wekundu wa pembeni ni kazi ya neva. Neva ina matawi kama mkarafuu: ishara ikifika penye panda, nyingine huendelea juu kwenda ubongoni, nyingine hugeuka na kushuka kwa tawi la pili hadi ngozini, bila kungoja amri ya mtu. Huko mwisho neva humwaga kemikali zake. Moja ni dutu P, iliyogunduliwa mwaka 1931. Nyingine huitwa CGRP. CGRP hutanua mishipa midogo, na dutu P hulegeza kuta zake hadi maji yakavuja. Ndio uvimbe huo. Neva ikikatwa na nyuzi zake zikafa, wekundu wa pembeni hautokei tena.

"Wekundu ni damu chafu iliyokusanyika." Ni damu ileile, imekuja kwa wingi tu.

"Mishipa ya damu ni ile tuliyozaliwa nayo." Uvimbe ukidumu siku kadhaa, mishipa mipya huchipua. Seli zinazotandika ndani ya mshipa zina vipokezi, yaani sehemu za kuipokea dutu P. Ikizigusa, hugawanyika, husogea, na kuanza kujenga kijia kipya. Dutu hiyohiyo huamsha seli za kinga zilizo jirani, nazo hutoa vichocheo vya kukuza mishipa, maarufu kati yake ikiwa VEGF. Watafiti waliweka dutu P kwenye kioo cha mbele cha jicho la sungura, mahali ambapo kwa kawaida hapana mshipa hata mmoja, na mishipa ikaota. Panya waliozaliwa bila CGRP nao, vidonda vyao huchelewa kufunga na huota mishipa michache.

Narudi kwa shangazi. Kisukari kilikuwa kimeua ncha za neva za nyayo zake. Alikosa king'ora, na alikosa pia ule mkono unaoita damu na kuchochea mishipa ichipue. Sukari huharibu mishipa yenyewe pia, kwa hiyo sisemi neva ndiyo sababu pekee. Lakini ganzi ile aliyoiona nafuu ilikuwa sehemu ya ugonjwa. Wenye ukoma nao hupata majeraha bila kuhisi, kwa njia inayofanana.

"Basi mishipa mipya ni heri siku zote." Hapana. Gegedu linalofunika ncha za mifupa ya goti lisilo na ugonjwa halina mishipa wala neva. Goti la mzee likilika, mishipa hupenya kutoka kwenye mfupa, na neva huifuata nyuma, na huenda hiyo ni sababu mojawapo ya goti kuuma usiku. Kwenye kioo cha jicho mishipa huleta ukungu.

"Mafuta ya karafuu huponya jino, pilipili huponya viungo." Mafuta yetu, ya makonyo au ya karafuu yenyewe, yana yujenoli, ambayo hutia ganzi neva. Jino lililooza hubaki limeoza, na mafuta hayo yakiwa makali huunguza fizi. Pilipili huwasha kwa kugusa kipokezi cha joto kwenye neva zilezile. Mwanasayansi Mmarekani David Julius alikitambua mwaka 1997 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Krimu za dukani zenye kiini cha pilipili, zikipakwa mara kwa mara, hutuliza viungo kwa kuzichosha neva hizo. Usizipake kwenye kidonda kibichi.

Siku hizi shangazi hukagua nyayo zake kila usiku kwa kioo cha mkononi, na haendi uani bila viatu vya kufunika. Wanawe wanalalamika kwamba anazikanyaga karafuu navyo.