"Binti harithi shamba": nani kasema?

Tangu Serikali ihamie Dodoma na mashamba ya pembezoni mwa mji yaanze kupimwa viwanja, wateja wangu wamekuwa mabingwa wa mila. Shamba lilipokuwa la uwele, dada aliachiwa alime hata miaka kumi. Likipata bei, kaka anatinga ofisini: tangu enzi za mababu, kwetu mwanamke harithi.

Mababu gani? Kanuni za urithi wa kimila zinazosomwa mahakamani ni Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, kazi iliyoasisiwa na Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeitumikia serikali ya kikoloni. Taratibu za makabila kibao yanayofuata ukoo wa baba zilikusanywa zikawa andiko moja. Na hata andiko hilo, pamoja na ubaguzi wake, halisemi binti harithi. Linamweka daraja la tatu, nyuma ya kaka zake, na ardhi ya ukoo linamruhusu aitumie bila kuiuza. Katazo la kuuza lenyewe Jaji Mwalusanya alilikataa pale Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, katika shauri la Wahaya. Halafu kuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20: mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Nimelirudia hili mpaka sauti imekauka.

Dada zangu, msisaini muhtasari wa kikao cha ukoo ambao hamjasomewa wote, hata baba mdogo akinuna. Nimeshika mmoja ambao jina la msimamizi wa mirathi lilijazwa kwa kalamu ya rangi nyingine, juu ya sahihi za watu.

Na kuna madai mengine ya "mila" yanayohitaji jibu. "Mwanamke wa Kigogo hagusi mambo ya ng'ombe." Watafiti wa miaka ya 1960 walikuta Ugogo tambiko la kuondoa mkosi ambapo wanawake walivaa nguo za wanaume na kwenda kuchunga.

"Ushoga umeletwa na Wazungu." Kilicholetwa na Mwingereza ni kifungu cha kuuadhibu, ndani ya Kanuni ya Adhabu ya 1930. Bunge letu likakiongezea makali 1998.

"Mahari haijaisha, hakuna ndoa." Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 41: ndoa ipo. Ng'ombe waliobaki wadaiwe kivyao.