SD si SE: alama tisa za msongo kwa wanaosoma saikolojia

Ripoti za wanafunzi wa saikolojia mara nyingi huharibika kwenye jedwali la kwanza, kabla hata hesabu ngumu hazijaanza. Wastani umeandikwa peke yake, au umewekewa ubavuni namba ambayo mwenyewe hajui ni SD (watu wanatofautiana kiasi gani) au SE (wastani unaweza kuyumba kiasi gani). Basi tuchukue alama tisa tu, tuzifanye kwa kalamu na kikokotoo.

Tuseme umewapa wanafunzi tisa wa Tunguu dodoso la PSS-10, linalopima msongo wa mawazo alioupata mtu katika mwezi uliopita. Lina maswali 10, majibu ni 0 mpaka 4, kwa hiyo jumla ni 0 mpaka 40. Swali la 4, la 5, la 7 na la 8 yameulizwa kinyume: anayejibu "mara nyingi sana" hapo ndiye mwenye msongo mdogo. Hayo uyageuze kabla ya kujumlisha, yaani 4 toa jibu. Aliyezungushia 4 kote atapata 40 usipogeuza, na 24 ukigeuza. Pengo la alama 16 hilo. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya dodoso yanavyokwenda pamoja, ikitoka ndogo mno, au hasi, usikimbilie kulaumu tafsiri ya dodoso. Tazama kwanza kama uligeuza.

Alama zetu, za kutunga, ni hizi: 12, 14, 15, 15, 16, 17, 18, 19, 36.

Jumla ni 162, gawa kwa 9, wastani ni 18. Lakini watu sita kati ya tisa wako chini ya huo wastani. Mediani, alama ya katikati ukizipanga, ni 16, nayo inalisema kundi hili kwa ukweli zaidi. Aliyeuvuta wastani juu ni mmoja, yule wa 36. Usimfute. Rudi kwenye karatasi yake: huenda ilikuwa 16 ikaandikwa vibaya, au aliruka swali nawe ukatia 9 kama alama ya "hakujibu" bila kuiarifu programu, ikajumlishwa kama jibu. Ikiwa 36 ni yake kweli, basi ibaki, na ripoti itaje wastani na mediani zote mbili. Mtu mwenye msongo mkubwa ndiye khasa saikolojia inayemtafuta.

Sasa SD, yaani mchepuko sanifu. Toa 18 kwenye kila alama: −6, −4, −3, −3, −2, −1, 0, 1, 18. Ukizijumlisha hizi unapata sifuri, na itakuwa hivyo daima, ndiyo maana tunazidisha kila moja kwa yenyewe kwanza: 36, 16, 9, 9, 4, 1, 0, 1, 324. Jumla 400. Gawa kwa 8, si kwa 9, kwa sababu ukishazijua tofauti nane, ya tisa haina uhuru tena. Lazima iwe ile itakayoleta sifuri. Unapata 50, na kipeuo chake cha pili ni 7.07. Tazama lile 324: mtu mmoja amebeba zaidi ya robo tatu za ile 400. Bila yeye SD ingekuwa 2.25.

SD inasema watu wanatofautiana kiasi gani. SE, kosa sanifu, ni habari nyengine kabisa: inasema wastani wako ungeyumba kiasi gani lau ungechukua sampuli nyengine ya ukubwa huo huo. Unaipata kwa kugawa SD kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu: 7.07 gawa kwa 3, yaani 2.36. Ukiongeza watu SE hupungua, ila kwa uchoyo. Kuipunguza nusu unahitaji watu 36. SD haipungui hivyo, kwa sababu watu hawaanzi kufanana kwa kuwa umewahoji wengi. Anayeandika SE mahali pa SD, msomaji ataona kundi limeshikamana kumbe limetawanyika.

Kwa SE unapata masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani mipaka ya kukadiria wastani wa kundi zima ulikotoa sampuli: zidisha SE, kisha itoe na uijumlishe kwenye wastani. Usizidishe kwa 1.96, kwa watu tisa ni 2.306, kutoka jedwali la t. Jedwali hilo chanzo chake ni William Sealy Gosset, aliyefanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, na mwaka 1908 akachapisha kwa jina la "Student". Sampuli zake zilikuwa ndogo kama za kwetu, na SD ya watu wachache haitabiriki, kwa hiyo inahitaji nafasi pana zaidi. Hapa ni 12.6 mpaka 23.4. Pana, naam, lakini ndiyo hali halisi ya watu tisa.

Thamani ya p nayo isomwe kwa adabu. Ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama yako au zaidi, *ikiwa* kwa kweli hakuna tofauti yoyote. Haikwambii uwezekano wa nadharia tete kuwa kweli, wala ukubwa wa tofauti. Tuseme unalinganisha Unguja na Pemba, SD ikiwa 7 kila upande. Ukiwa na watu 900 kila kisiwa, tofauti ya alama 1 itatoa p chini ya 0.01, na d, yaani tofauti gawa kwa SD, ni 0.14 tu, kitu kidogo mno. Ukiwa na watu 20 kila kisiwa, tofauti ya alama 4 itatoa p karibu 0.08, "haina maana" kwa kipimo cha 0.05, na d yake ni 0.57! Mimi ningeshughulika na huo wa pili, nirudi na sampuli kubwa zaidi. Kwenye ripoti andika vyote: t(38) = 1.81, p = 0.08, d = 0.57, pamoja na wastani na SD za kila kundi. Hiyo t ni tofauti gawa kwa SE yake, na 38 ni watu 40 toa makundi 2.

Hesabu zote hizi zinadai kila mtu awe amejitegemea. Ukihoji madarasa matatu ya skuli moja ya Wete, wanafunzi 40 kila darasa, huna watu 120 huru. Wana mwalimu mmoja, ratiba moja, mtihani mmoja wiki ile ile, na SE utakayoipata kwa 120 itakuwa ndogo kuliko inavyostahili. Heri madarasa mengi, wachache kutoka kila moja, na jina la darasa liwe na safu yake kwenye faili tangu mwanzo.