Sharubati ya Matunda na Unene wa Watoto

Wazazi wengi wa Lamu huamini kwamba sharubati ya embe au ukwaju, kwa kuwa imetokana na tunda, haiwezi kumnenepesha mtoto. Tunda lenyewe halina neno. Ila likisagwa na kuchujwa hupoteza nyuzinyuzi zinazoshibisha, sukari ikabaki na nyingine ikaongezwa kwa kijiko, na mtoto akaimaliza bilauri upesi kisha akala mahamri yake kama kawaida. Kwa vinywaji vya pakiti, soma gramu za sukari, ukiangalia kama ni za pakiti nzima au za mililita 100 tu, kisha ugawe kwa 4 upate vijiko vya chai. Unene wenyewe, ambao una sababu nyingine pia, hupimwa kliniki kwa kulinganisha uzito na urefu, si kwa kutazama mashavu.