Kufungwa na uhusika: kisa cha Bela Lugosi

Mwigizaji hufungwa na uhusika pale nafasi moja inapomkaa vizuri mno, hadi watengenezaji wa filamu na watazamaji wasitake kumwona katika nyingine. Uwezo wake haujapungua. Kinachopungua ni kazi anazoitiwa, na chache anazoitiwa zinafanana.

Mtazame Bela Lugosi. Alizaliwa mwaka 1882 mjini Lugos, enzi hizo Hungaria, leo Romania. Jukwaani kwao aliigiza Romeo, akaigiza hata Yesu, na mwaka 1913 akajiunga na ukumbi wa taifa wa tamthilia mjini Budapest. Misukosuko ya kisiasa ya 1919 ilimkimbiza, kwa kuwa alikuwa mstari wa mbele kuunda chama cha waigizaji. Alifika Marekani akijua Kiingereza kidogo sana.

Mwaka 1927 alipanda jukwaa la Broadway, mtaa wa kumbi za tamthilia mjini New York, akiwa Dracula, kabaila mnyonya damu. Tamthilia ilivuma, na mwaka 1931 studio ya Universal ikaitoa filamu. Lugosi aliitaka nafasi ile kwa udi na uvumba, hata akakubali dola 500 kwa wiki, kwa wiki 7. Wengi hudhani alitisha kwa chonge, lakini katika filamu ile chonge hazionekani hata mara moja. Hofu yote aliijenga kwa macho na sauti: lafudhi nzito ya Kihungaria, neno moja moja, na kimya kirefu katikati.

Hapo ndipo penye fundo. Lafudhi iliyomfanya Dracula atishe ndiyo iliyomfungia mlango wa kuigiza wakili, jirani au baba mwenye familia. Mwaka 1939 alipata nafasi ndogo ya kamishna wa Kisovieti katika filamu ya Ninotchka, akaimudu kwa utulivu kabisa, kisha akarudishwa kwenye vitisho. Linaniuma zaidi hili: katika filamu ndefu, Dracula mwenyewe alimwigiza mara 2 tu, 1931 na 1948.

Alipofariki Agosti 1956, mwanawe na mama wa mwana huyo waliamua azikwe na joho la Dracula. Baadaye warithi waliishtaki Universal kwa kuruhusu sura yake iuzwe kwenye bidhaa. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba haki ya Lugosi juu ya sura yake mwenyewe ilikufa pamoja naye.