Je, kwa nini mwenye figo dhaifu hukatazwa diklofenaki lakini huruhusiwa parasetamoli?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba figo ni chujio tu, na kwamba chujio likiharibika kila dawa ya maumivu hubaki katika damu na kugeuka sumu. Ni maelezo yanayoshawishi sana, ila kwa diklofenaki na ibuprofeni yamekosea shabaha. Dawa hizo huvunjwa na ini, na ni kiasi kidogo mno kinachotoka kwenye mkojo kikiwa hakijabadilika, kwa hiyo si mrundikano wake unaomdhuru mgonjwa. Swali nililopaswa kujiuliza si figo inashindwa kuifanya nini dawa, bali dawa inaifanya nini figo.

Figo huchuja kwa shinikizo. Aliyewahi kukamua tui anajua kwamba nazi iliyokunwa, hata ikitiwa katika kifumbu kizuri namna gani, haitoi tui la maana mpaka mkono uminye. Mkono wa figo ni msukumo wa damu inayoingia katika kila kichujio kwa mshipa mmoja mwembamba na kutokea kwa mwingine. Mshipa wa kuingilia ukibana, mkono hulegea na uchujaji hupungua, ingawa kifumbu chenyewe ni kizima. Kinachosaidia mshipa huo ubaki wazi ni prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea. Mwenye afya hazitegemei sana, lakini figo iliyokwisha kupoteza vichujio vingi, au mwili uliokaukiwa maji kwa kuhara, huzitegemea mno. Mwaka 1971 mtafiti wa dawa John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamii yake (ambamo diklofenaki na ibuprofeni zimo) huzuia utengenezaji wa prostaglandini hizohizo, ambazo pia huzidisha maumivu, na kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 1982. Kidonge kinachotuliza goti, basi, ndicho kinacholegeza mkono unaokamua, na hatari huzidi kwa anayemeza pia enalaprili, dawa ya shinikizo la damu, pamoja na dawa ya kukojosha.

Parasetamoli huzigusa kidogo sana prostaglandini za figo, na ndiyo maana huchaguliwa kwanza, kwa kipimo alichoweka daktari. Hata hivyo, usalama wa kuimeza kila siku kwa miaka haujathibitishwa vizuri, kwani wanaoitumia kwa wingi mara nyingi ni watu waliokuwa wagonjwa tangu awali, na ni vigumu kutenganisha madhara ya kidonge na ya ugonjwa.

Maelezo yangu ya zamani yanapata haki yake kwenye mofini, dawa kali ya maumivu, tena kwa njia ya ajabu. Ini huibadilisha mofini, na sehemu yake huwa mofini-6-glukuronidi, ambayo badala ya kuwa taka hutuliza maumivu na kudhoofisha upumuaji kama mzazi wake. Mofini yenyewe huondolewa hasa na ini, lakini mtoto huyu hutegemea figo ili atoke, na figo zikishindwa hubaki akirundikana dozi baada ya dozi, hata mgonjwa akazama katika usingizi mzito kwa kipimo ambacho kwa mwingine kingekuwa cha kawaida.