Rival na river si ndugu

Imenifikia tena, safari hii kwenye kundi la walimu: eti neno la Kiingereza rival (mpinzani) ni "mtu wa river", kwa sababu watu wa ng'ambo mbili za mto hupigana. Walimu wenzangu, tusiwafundishe watoto hivi.

River asili yake ni ripa ya Kilatini, yaani ukingo wa mto, iliyopitia Kifaransa cha kale. Arrive ni wa ukoo huo: kufika ukingoni. Rival imetoka kwenye rivus, kijito au mfereji. Ukimtafutia ndugu katika Kiingereza ni derive, ambayo kwa asili ni kuchepusha maji. Herufi zimefanana tu.

Kinachoniudhi zaidi ni huko "kupigana". Rivalis (wingi rivales), neno la Kilatini lililozaa rival, hakuwa mtu wa ng'ambo. Ulpianus, mwanasheria wa Roma wa karne ya 3, anasema rivales ni wale wanaopitisha maji katika mfereji mmoja. Wakizozana, kila mmoja akidai matumizi ni yake, wote wawili wana haki ya kuomba amri ya kisheria. Soma taratibu: maana ni kutumia mfereji pamoja, mzozo ni jambo linaloweza kuzuka. Nasi tuna mke mwenza. Neno linataja uwenza, ugomvi tunauongeza sisi wasikilizaji.

Hapa nina shaka ambayo vitabu vingi huifunika. Ulpianus aliandika miaka 400 hivi baada ya Plautus, mtunzi wa tamthilia wa Roma, na Plautus, katika tamthilia ya Stichus iliyochezwa mwaka 200 KK, tayari anawaita rivales watumwa wawili wa kiume wenye mpenzi mmoja. Kwa hiyo tunaposema maana ilianza kwenye maji ikahamia kwenye mapenzi, tunaongozwa na umbo la neno kuliko tarehe. Mimi nakubaliana na mpangilio huo, maana rivus imo humo wazi, ila tusiueleze kana kwamba kuna aliyeushuhudia. Tena watumwa hao wawili wa Plautus hawagombani hata kidogo: wanakunywa pamoja na mwanamke wao, karamu moja.

Maana ya ushirika ilifika hadi kwa Shakespeare. Mwanzoni mwa tamthilia yake ya Hamlet, mlinzi Bernardo anawaita Horatio na Marcellus rivals wa zamu yake, na chapa ya 1603 imeweka partners (wenza) mahali hapo hapo. Ukitafsiri kwa kuandika "wapinzani wangu wa zamu" umewagombanisha walinzi kabla mzimu haujatokea. Andika "wenzangu wa zamu".