Madafu hayaleti busha: dhana za Kusini kuhusu korodani

Ukanda wa pwani ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, mwanamume akivimba sehemu za siri watu husema ana mshipa. Jina hilo moja limebeba magonjwa kadhaa yasiyofanana, na ndilo linalowachelewesha wengi kufika hospitali.

"Busha linaletwa na madafu."

Si kweli. Maji ya dafu hufyonzwa kwenye utumbo, yanayozidi hutoka kwa mkojo. Hayana njia ya kwenda kwenye korodani. Huku kwetu busha la mtu mzima mara nyingi hutokana na minyoo myembamba kama uzi, Wuchereria bancrofti, ile ile inayoleta matende. Inaenezwa na mbu: Anopheles wa malaria, na Culex anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu. Minyoo iliyokomaa huishi miaka 6 hadi 8 ndani ya mishipa ya limfu, ile inayoondoa majimaji ya ziada mwilini, na kuiharibu. Korodani imezungukwa na utando wa tabaka mbili wenye maji kidogo ya kulainisha. Mishipa ikishindwa kuyaondoa, maji hujaa kati ya tabaka hizo. Minazi na mbu vyote vimejaa pwani, basi dafu likasingiziwa.

"Busha na ngiri ni kitu kimoja."

Dhana hii inaua. Ngiri ni utumbo, au mafuta ya tumboni, uliopenya kwenye uwazi wa kinena na pengine kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Mgonjwa akilala chali, ngiri mara nyingi hurudi ndani, akikohoa hutokeza. Busha la mtu mzima halirudi. Ukishika juu ya uvimbe, kwenye busha vidole hukutana, kwenye ngiri iliyoshuka havikutani kwa sababu uvimbe unaendelea hadi tumboni. Zima taa, weka tochi nyuma ya uvimbe: busha huwaka wekundu, ngiri kwa kawaida haipitishi mwanga. Lakini tochi pekee haitoshi. Busha la miaka mingi utando wake hukomaa ukazuia mwanga, na utumbo wa mtoto mchanga unaweza kuupitisha. Kipimo cha ultrasaundi huondoa shaka.

Ngiri ikigoma kurudi, ikawa ngumu na kuuma, mgonjwa akatapika au akakosa kujamba, utumbo umebanwa na unakosa damu. Hapo hakuna kukandwa wala kusubiri kupambazuke.

Kijana anayeshikwa na maumivu makali ya ghafla upande mmoja naye apelekwe mbio: korodani huenda imejisokota, na nafasi ya kuiokoa ni kubwa zaidi ndani ya saa 6.

"Tezi dume ni ugonjwa."

Ni kiungo. Kila mwanamume anacho, chini ya kibofu. Ugonjwa ni kuvimba kwake, au saratani yake.

"Dawa za kampeni zitalikausha busha."

Ivermectin na albendazole, dawa zinazogawiwa kwenye kampeni za kuzuia matende na busha, huua vimelea vichanga kwenye damu, mbu asipate cha kusambaza. Ndiyo maana hata asiye na uvimbe anapaswa kumeza. Busha lililokwisha kujaa haliondoki kwa vidonge. Kulinyonya kwa sindano nako hakusaidii: utando umebaki, maji yatajaa tena, na sindano inaweza kuingiza vijidudu au kutoboa utumbo ikiwa kumbe ilikuwa ngiri.

"Upasuaji unaua nguvu za kiume."

Hofu hii ndiyo inayowafanya wazee wetu wavumilie uzito huo miaka nenda rudi, wakijificha kwa msuli. Daktari huchoma ganzi, hupasua ngozi ya mfuko, humwaga maji, kisha hukata utando au kuugeuza nje ndani ili maji yasipate pa kukaa. Korodani hubaki. Kusimama kwa uume kunategemea mishipa ya damu na ya fahamu ya uume wenyewe, ambayo upasuaji huu hauigusi. Busha kubwa ndilo linalomeza uume na kuzuia tendo.

Baada ya hapo vaa chupi ya kubana, weka kidonda kikavu, na usibebe gunia la korosho wala kupanda mnazi kwa wiki 4 hadi 6. Uvimbe wa wiki za mwanzo ni wa kawaida. Ukiongezeka kwa kasi, kukiwa na homa au usaha, rudi siku hiyo hiyo.